Shajara ya mradi: sensa tano za unyevu shamba la Mlali, na kusaka µA zinazovuja

9 Juni 2024: kwanini, na jaribio la kwanza lililokufa

Mjomba wangu analima nyanya na vitunguu Mlali huku Mvomero, kiangazi anamwagilia kwa pampu ya petroli. Anajuaje shamba limekauka? Anachimba kwa kidole gumba. Eneo la chini karibu na mfereji linakaa na maji siku mbili zaidi kuliko la juu ila yeye anamwagilia yote sawasawa, petroli inaenda bure. Nikamwambia mjomba ngoja nikuwekee sensa tano, kila moja inapima unyevu na joto la udongo inatuma nyumbani kila nusu saa. Akaniuliza swali moja tu: "Sasa mjomba, hivyo vidude vitakunywa nini?" Nikajibu betri. Akacheka, akasema basi utakuja kubadilisha wewe.

Hilo swali ndio mradi wote. Kutuma data sio kazi, kazi ni kidude kukaa shambani mwaka mzima bila mtu kukigusa.

Jaribio la kwanza nilichukua nilichokuwa nacho, NodeMCU ya ESP8266 (ubao mdogo wenye chipu ya WiFi). Nikailaza usingizi mzito, inaamka kila dakika 30. Chipu yenyewe ikilala inakula kama 20 µA tu (µA ni maikroampia, sehemu moja ya elfu ya mA), nikapiga hesabu nikaona miezi kibao. Siku sita, kwisha. Kupima nakuta ubao mzima ukiwa umelala unakula 8 mA. Ile regyuleta (kishusha volti) AMS1117 iliyopo kwenye ubao peke yake inajilia karibu 5 mA hata kama hamna mtu anayetumia umeme, alafu kuna chipu ya USB nayo iko macho. Na WiFi yenyewe haifiki shambani, kutoka shamba mpaka nyumbani ni kama km 1.4 na kuna miembe katikati. Nikaachana nayo.

22 Juni: betri za "9900"

Nilinunua betri nne za 18650 (zile za lithiamu za mviringo) dukani, zimeandikwa 9900 mAh (mA mara masaa inayodumu), 5,000 kila moja. Kwa wanaofuatilia: hakuna 18650 ya 9900 duniani, nzuri kabisa zinaishia kwenye 3500 mpaka 4000 hivi. Mimi nilijua ila nikasema labda itakuwa hata 2000. Nikachaji moja ikajaa, nikaiunganisha na rezista ya ohm 10 ya wati 5 nikawa naandika volti kila robo saa. Inatoa kama 0.37 A. Masaa matatu imekata, yaani 1,100 mAh. Shilingi 20,000 imeenda.

Siku ya pili nikaenda kwa mafundi wa laptop pale mjini, nikachukua seli za betri za laptop zilizokufa (pakiti inakufa kwa sababu ya seli moja au mbili, zingine ziko fresh), 2,500 kila moja. Nilipima kumi, saba zilitoa karibu 1,900. Hizo ndio natumia. Angalia tu moja: hazina ulinzi wowote wa kuzikata zikiishiwa kupita kiasi, hili litarudi huko mbele lije kuniumiza.

7 Julai: Pro Mini, kung'oa vitu

Nimehamia Arduino Pro Mini ya 3.3V 8 MHz (ubao mdogo wenye mikrokontrola ATmega328P), 14,000, na redio ya LoRa (inafika mbali kwa umeme kidogo) RFM95W ya 868 MHz, 27,000. Masafa msijiamulie, ulizeni kwanza TCRA (mamlaka ya mawasiliano) wanaruhusu nini na kwa nguvu gani. Antena ni waya mmoja tu wa sm 8.2, umesimama wima.

Leo redio bado sijaigusa, nimeshughulika na ubao peke yake kwa laibrari ya LowPower, kulala sekunde 8 kwa WDT (saa ya ndani ya chipu), ADC (inayopima volti) imezimwa, BOD (inayozima chipu volti ikishuka) imezimwa. Kama ulivyotoka dukani ukilala unakula 1.6 mA. Nikang'oa kitaa chekundu cha umeme (unakibandua na ncha ya pasi ya kulehemu, au kata tu njia yake kwa wembe), ikashuka mpaka 60 µA. Yaani kitaa kinachokuambia "nimewaka" kilikuwa kinakula zaidi ya kila kitu kingine kwa pamoja, na kiko ndani ya boksi huko shambani hakuna anayekiangalia! Nikang'oa na regyuleta ya kwenye ubao, nikaupa umeme moja kwa moja pini ya VCC kutoka betri mbili za AA. 5 µA.

Nilikaa naangalia hiyo 5 kama dakika nzima.

Ukishang'oa regyuleta usije ukasahau ukaweka volti 5 au zaidi pale RAW (pini ya kuingilia regyuleta), haiendi popote. Na ukiweka 5 kwenye VCC kwa bahati mbaya redio ndio inaanza kufa, mwisho wake ni 3.7V.

13 Julai: mita inadanganya

Leo nimepoteza siku nzima nikidhani programu ina ubovu. Nimeunganisha redio, nikiipa umeme kwa waya wa kawaida inatuma vizuri, nikiweka mita katikati nipime inaanza kujiwasha na kujizima, kitaa cha pini 13 kinapepesa kama disko, na namba kwenye mita inarukaruka. Nikabadilisha programu mara nne. Nikabadilisha redio. Nikalehemu upya waya zote.

Kumbe ni mita. Ile mita ya njano ya bei poa kwenye nafasi ya 2000 µA ndani yake ina rezista ya ohm 100 hivi. Umelala, 5 µA kwenye ohm 100 ni kitu kidogo sana hakisikiki. Redio ikituma inataka 29 mA, na mikrokontrola 4, jumla 33 mA mara ohm 100 ni volti 3.3. Betri zangu mbili za AA zina 3.1. Yaani mita inameza umeme wote, ubao unazimika, unaanza upya, unajaribu kutuma tena, unazimika. Kipimo ndio kilikuwa kinamuua mgonjwa.

Nilivyotatua, na hii nakili kama ilivyo maana inafanya kazi bila kununua vifaa vya bei mbaya: chukua rezista ya kilo-ohm 1, iweke mfululizo kwenye waya wa chanya. Sambamba na hiyo rezista weka swichi ya kawaida. Upande wa ubao weka kapasita ya 470 µF. Unafunga swichi, ubao unawaka, unatuma kila kitu, unalala. Ukishalala unafungua swichi, sasa umeme wote unapita kwenye rezista, na unapima VOLTI juu yake kwa nafasi ya 200 mV. Kila 1 mV ni 1 µA. Mita ya njano inaonyesha mpaka 0.1 mV, kwahiyo unapata sehemu ya kumi ya µA kwa mita ya shilingi 10,000. Kapasita inabeba ule mshtuko mdogo ubao ukiamka kila sekunde 8 kuhesabu. Ila kapasita yenyewe inavuja kidogo mwanzoni, iache kwenye umeme dakika kumi ndio usome, mara ya kwanza nilisoma 19 nikapaniki bure.

28 Julai: redio inayosinzia badala ya kulala

Kwa kipimo kipya nikakuta 1,600 µA. Namba hii ukiiona kwenye RFM95 usihangaike, ndio ile ya kwenye karatasi zake: redio ikiwa "standby" inakula 1.6 mA, ikilala kweli inakula 0.2 µA. Baada ya kutuma inarudi standby yenyewe, lazima uiambie lala. Mstari mmoja kwenye programu, kabla ya kulaza mikrokontrola. Nikauweka. 5.4 µA.

Alafu ikawa baadhi ya siku 5.4, siku nyingine 70, siku nyingine 30, bila mpangilio. Nikisogeza mkono karibu inabadilika!! Hiyo ni dalili ya pini zinazoelea. Pini ambayo haijaunganishwa na kitu, ukiiacha kama ya kuingiza, inapokea kila takataka ya hewani, na ikikaa katikati ya 0 na 1 inakula umeme. Zote zisizotumika nimezifanya za kutoa, ziko chini. Imetulia.

Sensa ya joto (DS18B20, ile yenye waya na kichwa cha chuma, 6,000) haili muda wote, umeme wake unatoka kwenye pini ya mikrokontrola, naiwasha nikiitaka. Inahitaji 750 ms (ms ni sehemu moja ya elfu ya sekunde) kupima kwa usahihi wote, na kwenye mifano mingi programu inasimama macho inasubiri. Mimi nalala wakati inapima, naamka kuchukua jibu.

17 Agosti: regyuleta mpya, na rezista mbili zilizokula betri

MCP1700 zimefika, niliagiza mtandaoni 17 Julai, siku 31. Hizi zenyewe zinakula 1.6 µA tu, linganisha na 5 mA ya ile AMS1117, mara elfu tatu! Zinapokea mpaka volti 6 kwahiyo 18650 ikiwa imejaa 4.2 hakuna shida.

Ya kwanza niliiunguza ndani ya nusu dakika. Umbo lake ni kama la 78L05 ambayo kila fundi anaijua, nikalehemu kwa mazoea. Miguu haifanani! MCP1700 ukiiangalia upande wa bapa kushoto kwenda kulia ni ardhi, kuingia, kutoka. 78L05 ni kutoka, ardhi, kuingia. Niliishika na kidole nikaruka. Redio ilipona, Mungu mkubwa.

Sasa kupima betri. Nilianza na ule ujanja wa ATmega kujipima volti yake yenyewe kwa ile 1.1V ya ndani, hauhitaji kitu cha nje kabisa. Nikaona betri ina 3.30. Kesho yake 3.30. Wiki ingeisha inasema 3.30 mpaka siku ya kufa, kwa sababu inapima kinachotoka kwenye regyuleta, sio betri. Ujanja huo ni wa wasiotumia regyuleta.

Basi nikaweka rezista mbili za kugawa volti, kilo-ohm 10 kila moja maana ndio nilikuwa nazo. Kupima usingizi: 202 µA. Nilishtuka ila hesabu ni ya darasani, volti 3.9 gawa kwa kilo-ohm 20 ni 195 µA, saa 24 siku zote, ubao umelala au uko macho hizo rezista hazijui. Kwa mwaka ni 1,700 mAh. Rezista mbili za shilingi mia mia zilikuwa zinakula seli nzima ya laptop peke yao, wakati kompyuta, redio na sensa zote kwa pamoja hazifiki hata moja ya kumi ya hapo.

Nimeweka mega-ohm 1 mbili. Sasa ni 2 µA. Ila ADC haipendi rezista kubwa, inataka chanzo cha kilo-ohm 10 au chini yake, ukiipa mega-ohm inasoma uongo. Dawa ni kapasita ya 100 nF kutoka pini ya kupimia kwenda ardhi, inakusanya chaji taratibu wakati tumelala, tukiamka kupima iko tayari.

Jumla ya usingizi: 9 µA.

31 Agosti: sensa za unyevu, tatu kati ya tano mbovu

Hizi za kapasitivu zilizoandikwa v1.2, nyeusi, 7,500. Nilichagua hizi badala ya zile za misumari miwili ya chuma maana zile zinaliwa na kutu haraka sana, hasa kwenye udongo wenye mbolea. Zinakula kama 5 mA zikiwaka, kwahiyo nazo nazipa umeme kutoka kwenye pini, 300 ms tu zitulie nisome, nazizima.

Mbili zilifanya kazi kama zinavyotakiwa, hewani 640, kwenye glasi ya maji 310. Tatu zinatoa namba ileile hewani na majini. Angalia kwa karibu, tena kwa tochi ya simu: kwenye chipu yenye miguu minane, nzima zimeandikwa TLC555, mbovu NE555. TLC inaanza kazi na volti 2. NE inataka 4.5 na kuendelea. Mimi nawapa 3.3. Yani kiwandani walibana hela wakaweka chipu ya bei rahisi, kwa mtu anayetumia Arduino Uno ya volti 5 hata hajui. Nikarudi dukani, jamaa akasema bidhaa ikishatoka hairudi, sawa. Nikaomba nichague mwenyewe kwenye boksi lake, hiyo alikubali, nikakaa na tochi pale mlangoni kama napekua dhahabu. Kwahiyo 22,500 nyingine.

Kidude kimoja kimesimama kwenye 65,000: redio 27,000, ubao 14,000, sensa ya unyevu 7,500, ya joto 6,000, boksi la nyaya za umeme 3,500, seli 2,500, regyuleta 1,500, vikorokoro 3,000. Hapo sijaweka vilivyoungua na nauli za bodaboda, ukiweka utalia.

14 Septemba: shambani

Tumefunga vyote vitano kwenye vijiti vya mita moja na nusu. Kituo cha kupokea (tunakiita "mama", ni ESP32 na RFM95) kiko sebuleni kwa mjomba kwenye umeme wa ukutani, kinatumia hotspot ya simu ya zamani.

Nilianza na SF12 kwa kuogopa umbali. Kwa wageni wa LoRa: SF ni namna ya kuongea, SF7 anaongea harakaharaka, SF12 anavuta maneno kama mzee anayetoa wosia, anasikika mbali ila anachukua muda. Ujumbe wangu una baiti 10. Kwa SF7 uko hewani 41 ms, SF9 ni 144, SF12 ni 991, karibu sekunde nzima, na sekunde zote hizo redio inakula. Nikashuka hatua kwa hatua huku dogo yuko nyumbani anasoma namba kwenye simu ananipigia. SF9 ilipita kwa vyote vitano kwa nguvu ya kutuma ya 13 dBm. SF7 kilikufa kile cha nyuma ya miembe. Nimebaki SF9.

Ukijumlisha kuamka, kupima, kutuma na kusubiri jibu la "nimepata" kwa 200 ms, kila mzunguko unakula kama 11 mA kwa sekunde moja. Ukiutandaza kwenye dakika 30 ni kama 6 µA. Weka na 9 za usingizi, 15. Kwa mwaka mzima kama 131 mAh. Seli itajichosha yenyewe kwa kuzeeka kabla sijaimaliza. Nikamwambia mjomba hii itakaa mwaka na zaidi. Aliitikia tu "haya".

29 Septemba: kidude namba 2 na uchafu

Namba 2 inasema betri 3.1V. Vingine vyote 4.0. Nikaenda nikapima seli yenyewe kwa mita: 3.98! Ndani ya boksi kuna unyevunyevu, mjomba alikuwa anamwagilia kwa mpira maji yakapita tundu la waya, na sisimizi wameshahamia humo na mayai yao.

Nikaleta mezani, usingizi wake 38 µA badala ya 9. Shida ni yale mabaki ya fluksi, ile kahawia inayobaki ukilehemu. Ikiwa kavu haina neno, ikipata unyevu inapitisha umeme. Na mimi niliweka rezista za mega-ohm, kwa rezista kubwa hivyo hata uchafu wenye mega-ohm mbili hivi ni mwenzake, unajiunga naye sambamba, ndio maana volti ilisoma chini. Yani dawa ya mwezi wa nane ndio imefungua mlango wa ugonjwa wa mwezi wa tisa.

Nimesugua vyote vitano kwa spiriti na mswaki, vikakauka juani, alafu nikapaka rangi ya kucha ile ya wazi, koti mbili, 1,500 chupa (dada wa duka la vipodozi aliniuliza ni ya nani, nikasema ya saketi, hajaniamini). Usipake kwenye pini za kuchomekea. Waya sasa zinaingia kwa chini ya boksi na zina kitanzi kabla ya kuingia ili maji yadondoke. Namba 2: 9.2 µA.

23 Oktoba: vyote vimekufa

Jumapili nikaona data imekata. Nikadhani bando la ile simu limeisha, nikapuuza. Jumatatu nikatuma bando, kimya. Jumatano ndio nimefika Mlali. Vitatu havina uhai kabisa, seli ziko chini ya 2.5V, viwili viko 3.2 vinakata roho.

Mama alikuwa amechomolewa. Jumamosi ilikuwa Simba na Yanga, nyumba ilijaa watu, soketi ni moja, wakachomoa kile "kidude cha mjomba" wakachomeka king'amuzi, na baada ya mechi hakuna aliyekumbuka. Siwezi kuwalaumu, hata mimi ningechomoa.

Ila kwanini vidude vife? Mama akizima, vyenyewe vinatakiwa viendelee kulala. Nikafungua programu yangu nikaona aibu. Niliandika hivi: tuma, subiri jibu, kama hakuna jibu tuma tena. Hakuna kikomo. Mezani mama alikuwa karibu siku zote, jibu lilikuja mara ya kwanza au ya pili, sikuwahi kuona. Sasa mama hayupo, watoto watano wako macho usiku kucha wanalia kumwita, wanatuma kwa 33 mA, wanasikiliza kwa 15 mA, na kibaya zaidi wanaongea kwa pamoja wanazibana sauti. Wastani kama 20 mA. Siku nne ni masaa 96, mara 20 ni 1,920 mAh. Seli zangu ni 1,900. Hesabu imekubali mpaka inauma.

Miezi minne nimekimbizana na µA moja moja, nikang'oa vitaa, nikapima kwa mV, alafu mstari mmoja wa "rudia" umekula akiba ya miaka yote kwa siku nne. Na zile seli bila ulinzi, zikishashuka chini ya 2.5 na kukaa huko sio salama kuzichaji tena, mbili zimeanza kupata joto kwenye chaja nikazitoa haraka. Tatu nimetupa.

10 Novemba: kumfundisha mtoto kunyamaza

Programu mpya. Inajaribu mara tatu tu, na kati ya jaribio na jaribio inalala muda wa kubahatisha ili wasigongane. Ikishindwa inaweka kipimo kwenye kumbukumbu (nafasi 48, yaani siku nzima) na kurudi kulala, mara inayofuata ya kutuma inaruka, saa 1, 2, 4, mpaka 6. Kupima kunaendelea kama kawa. Mama akirudi vinatuma vya zamani vichache vichache. Betri ikishuka chini ya 3.3V kidude kinaacha redio kabisa.

Kabla ya kufunga nimemzima mama siku nne kwa makusudi, nimeandika volti kabla na baada. 3.98 ikawa 3.98, moja ilisoma 3.97.

Nimenunua pia soketi ya kuongeza yenye matundu manne, 8,000, na kwenye waya wa mama nimebandika karatasi ya "USICHOMOE". Mjomba akasema hiyo soketi ndio ungeanza nayo mwezi wa sita.

25 Januari 2025

Wiki 11. Seli zilikuwa 4.12, sasa 4.06 mpaka 4.08. Karatasi ya USICHOMOE imeng'oka ila waya upo. WDT sio saa ya kuaminika, inaenda mbele au nyuma kutokana na joto, vingine vinatuma kila dakika 28 vingine 33, nimeacha hivyohivyo maana inasaidia visigongane.

Mjomba sasa hivi eneo la chini analiruka zamu moja kati ya tatu. Haangalii grafu, anampigia dogo anamuuliza "namba tano inasemaje".

Namba 4 inaonyesha udongo umelowa muda wote hata baada ya wiki bila maji. Umeme wake mzuri, 9.4 µA, kwahiyo safari hii sio mimi. Nimeichomoa sensa ardhini, kingo zake pale ubao ulipokatwa zimevimba, zimefyonza maji kama biskuti. Uso una rangi ya kuzuia maji ila kingoni ni ubao mtupu. Mpya nimeipaka gundi ya epoksi kingo zote, iko dirishani inakauka, Jumamosi ijayo naipeleka. Hizo nyingine nne zitavimba lini sijui, nimeshanunua epoksi ya kutosha.